Waya au alaina? Kuchagua namna ya kupanga meno ukiwa Kisumu, Nakuru au Busia

Jumamosi, kabla mtaalamu hajavua koti, mimi huwa nimeshaulizwa swali hili mara mbili tatu pale mapokezini: "Dada, ipi afadhali, waya au zile za kuvaa na kuvua?" Mimi si daktari. Kazi yangu ni kitabu cha miadi, risiti na simu. Niliifanya Nakuru miaka sita, na sasa niko Kisumu mwaka wa tano. Lakini mshika kitabu huona jambo ambalo aliyeinama juu ya kiti halioni vizuri: nani alifika mwisho, nani alikwama njiani, na alikwamishwa na nini. Wengi waliokwama walikuwa na kifaa kizuri tu, ila maisha yao hayakukipa nafasi. Kwa hiyo nitalinganisha nikiwa upande wangu wa dawati. Mambo ya pembe na mizizi daktari wako atakueleza akishatazama eksirei.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo moja, maana kuna wanaouza miujiza. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na kano nyembamba sana ndani ya tundu lake. Likisukumwa polepole, mfupa ulio mbele yake huliwa na chembe za mwili, na nyuma yake mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo ina mwendo wake, takriban milimita 1 kwa mwezi, uwe umevaa chuma au plastiki. Ndiyo maana matibabu kamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na mengine huvuka hapo. Akikuahidi mtu miezi mitatu kwa meno yaliyopandana kama abiria wa matatu ya jioni, muulize mfupa atautoa wapi.

Waya ni zile braketi, vidude vidogo vinavyogandishwa kwenye kila jino, kisha waya mwembamba ukapitishwa katikati. Waya wa kwanza kwa kawaida ni wa nikeli na titani, aina iliyoingia katika kazi hii miaka ya 1970. Unaweza kuupinda ufuate meno yalivyopotoka, nao ukipata joto la mdomo hutaka kurudi kwenye umbo lake, ukiyavuta meno taratibu. Alaina ni vifuniko vya plastiki angavu vinavyotengenezwa kwa vipimo vya kompyuta, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja husogeza jino kama robo milimita, ukakivaa wiki moja au mbili, ukahamia kinachofuata. Kampuni ya Align Technology ya Marekani, iliyoanzishwa 1997, ndiyo iliyozivumisha kwa jina la Invisalign, na siku hizi watengenezaji ni wengi.

Kisha iko pleti, ile sahani ya akriliki yenye vispringi ambayo mtoto huivua mwenyewe. Sitaikalia sana. Huinamisha jino tu, haiwezi kulihamisha na mzizi wake. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa mwenye jino moja la juu lililojificha nyuma ya la chini, pleti ya bei ndogo humaliza kazi kwa miezi michache. Kwa kijana wa miaka kumi na saba aliyejaa meno mdomoni, ni kupoteza nauli.

Kazi ambayo kila kimoja huiweza

Hapa waya bado ndiyo fundi mkubwa. Chonge iliyokwama ndani ya taya, ambayo lazima ufizi ufunuliwe na jino livutwe kwa kijinyororo, ni kazi ya waya. Meno manne yaking'olewa ili kupata nafasi, kuziba mapengo hayo huku mizizi ikibaki wima ni kazi ambayo waya huifanya kwa uhakika zaidi. Jino la mviringo lililogeuka sana, au linalotakiwa kuvutwa litokeze zaidi nje ya ufizi, huiponyoka plastiki kama sabuni. Ndiyo maana daktari wa alaina hugandisha vinundu vidogo vyenye rangi ya jino, plastiki ipate pa kushika. Wagonjwa hushtuka wakiviona: "Si mlisema hakuna kitu kitakachobandikwa?" Vinabandikwa. Uliza mapema vitakuwa vingapi na kwenye meno gani.

Alaina hung'ara kwenye kazi ndogo na za wastani: msongamano mdogo, mianya, au mtu mzima aliyewahi kuvaa waya ujanani, akaacha riteina, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, meno yakarudi. Hao wa mwisho ni wengi kuliko unavyodhani.

Na kuhusu mwanya, niseme kwa niaba ya wanaoona haya kusema: si lazima uzibwe. Kwetu mwanya wa mbele ni urembo na wako waliooa na kuolewa kwa sababu yake. Programu ya kompyuta haijui hilo. Itakuonyesha picha ya meno yaliyobanana kama mbegu za mahindi, kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa. Mwambie daktari kabla mpango haujapitishwa. Tulikuwa na bwana harusi mtarajiwa aliyepangiwa kuzibwa mwanya, mchumba wake alipoiona picha akagoma. Mpango ukaandikwa upya.

Chai

Alaina zinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukifuata 22, umebakiwa na dakika 120 za kula, kunywa na kupiga mswaki. Sasa tuhesabu siku ya mtu wa kawaida wa huku: chai ya asubuhi dakika 20, chai ya saa nne 15, chakula cha mchana 30, chai ya saa kumi 15, ugali wa jioni pamoja na habari za televisheni 40. Dakika 120 kamili, na hujashika mswaki bado.

Mtu atasema, basi nitakunywa chai nikiwa nimezivaa. La. Chai ya maziwa na sukari ikiingia chini ya plastiki hubaki pale imelikumbatia jino, mate hayafiki kuisafisha, na jino huanza kuoza kimyakimya. Chai ya moto nayo huikunja plastiki, na majani huipaka rangi ya kahawia ikaacha kabisa kuwa angavu. Kinachoruhusiwa ni maji ya kawaida. Kwa hiyo huwa nawaambia watu wazima wanaopenda alaina wajaribu kwanza kukaa wiki moja bila chai ya saa nne na ya saa kumi. Wakiweza, tunaendelea. Karani mmoja alirudi siku ya tatu akacheka, akasema, "Niwekeeni chuma."

Miwa, mahindi na mswaki

Waya haina habari na chai yako, ila ina ugomvi na meno yako yanavyofanya kazi. Huku magharibi, kuanzia Kibos hadi Mumias, mtoto hukua akimenya muwa kwa meno ya mbele. Muwa huo huo hung'oa braketi kama anayechuma ndimu. Barabara ya Nakuru ina mahindi ya kuchoma, kila mahali kuna karanga na mfupa wa kuku. Msimu wa mahindi mabichi, simu yangu huwa na kazi: "Dada, kile kidude cha gego kimetoka." Braketi ikitoka, jino hilo halisukumwi tena mpaka ikarudishwe, na kila safari ya kuirudisha ni wiki zilizopotea. Mahindi yapukuchue, tufaha likate vipande, nyama itoe kwenye mfupa kwa kisu. Muwa, nisamehe, usubiri miaka miwili, au unywe maji yake yaliyokamuliwa halafu ukasuuze kinywa upesi.

Usafi nao. Kuzunguka braketi, utando ukiachwa, madoa meupe ya chokaa yanaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja, na hayo hayafutiki kwa mswaki. Ni mwanzo wa kuoza. Mwenye waya hupiga mswaki kila baada ya mlo na kupitisha kijiswaki chembamba chini ya waya. Mwenye alaina huvua, akapiga mswaki kama kawaida, akavaa. Upande huu alaina inashinda bila ubishi. Mtoto asiyependa mswaki hata kabla ya waya hatabadilika kwa sababu ya waya, na daktari mwenye msimamo atakataa kuanza.

Maji ya Nakuru

Hili sikulijua mpaka nilipofanya kazi kule. Bonde la Ufa lina floridi nyingi kwenye visima kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru na vitongoji vyake hukivuka. Aliyekunywa maji hayo akiwa mdogo, meno yakiundwa, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Mfupa wa ng'ombe uliochomwa na kusagwa huchuja floridi hiyo, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imejulikana kwa vichujio vya namna hiyo, lakini kwa mtu mzima meno yameshaumbwa.

Hilo lina uzito katika uchaguzi wetu. Gundi ya braketi hushika kwa sababu jino hupakwa tindikali kwanza, uso wake ukawa na vitundu vidogo. Ganda la jino lenye floridi nyingi huikataa tindikali hiyo. Kwa hiyo braketi hutoka mara nyingi zaidi, hasa kwa wenye madoa ya kahawia yaliyokolea. Daktari mzoefu ana mbinu: huacha tindikali ikae zaidi, hukwangua kidogo tabaka la juu, au hutumia gundi nyingine. Swali la kumuuliza ni moja: "Meno yangu yana madoa, utayafanyaje gundi ishike?" Akijibu kwa utulivu, una mtu. Akikutazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia, tafuta mwingine.

Kwa meno kama hayo, alaina ina nafuu kwa sababu vinundu ni vichache kuliko braketi. Braketi za seramiki, zile za rangi ya jino, ningeziogopa zaidi: ni ngumu kuzibandua, na ganda lililo dhaifu linaweza kumeguka nazo. Tena kumbuka kwamba kupanga hakufuti madoa. Meno yatanyooka yakiwa na rangi ile ile. Panga kwanza, rangi baadaye, na gharama ya rangi iweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Nimeona mtu akilia siku ya kuvuliwa waya, na si kwa furaha.

Kwa kuwa nimeitaja seramiki: ni waya ile ile, imevaa nguo nyingine. Huonekana kidogo, hugharimu zaidi, huvunjika upesi, na ikigusana na jino la juu yake hulisaga. Na zile braketi zinazojifunga zenyewe bila raba, zinazonadiwa kuwa humaliza haraka, tafiti zilizolinganisha hazikuona tofauti ya maana ya muda. Usilipe ziada kwa ahadi hiyo.

Shule ya bweni

Wazazi wengi huleta watoto likizo ya Disemba wakitaka waya iwekwe kabla shule kufunguliwa Januari. Waya hukazwa kila wiki nne hadi nane. Mtoto wa bweni Kakamega au Siaya hutoka katikati ya muhula, basi. Waya laini unaweza kumsubiri, lakini raba za kuvuta taya, waya uliotoboa shavu usiku wa Jumatatu, na braketi iliyotoka siku ya michezo havisubiri. Kabla ya kuanza, mzazi azungumze na shule kuhusu ruhusa, na mtoto abebe nta ya kufunika ncha inayochoma. Anayecheza raga au hoki avae kinga ya mdomo iliyotengenezwa kwa wenye waya.

Alaina zinaonekana kuwa dawa ya tatizo hili: daktari anaweza kumpa mtoto seti za wiki nane au kumi, akaondoka nazo. Kwa mtoto mwenye nidhamu ni kweli. Kwa wengine, nimepokea simu kutoka kwa matroni: imekaliwa, imeanguka chooni, imetupwa pamoja na kitambaa cha karatasi, imechemshwa isafishike. Waya haisahauliki kitandani. Mimi nikiwa na mtoto wa kidato cha pili anayepoteza soksi kila muhula, jibu ningelijua bila kuuliza daktari.

Barabara na pesa

Bei zinatofautiana mno kliniki hadi kliniki, nikikutajia moja nitakudanganya. Kwa kawaida pleti iko chini, waya ya chuma inafuata, seramiki juu yake, alaina kileleni. Lakini wengi husahau barabara. Tuseme unatoka Busia na mtoto, na nauli ya mmoja kwenda na kurudi Kisumu ni shilingi 1,200. Badilisha uweke yako. Nyinyi wawili ni 2,400. Miaka miwili ya waya, ukija kila wiki sita, ni safari 17: shilingi 40,800. Alaina, ukija kila wiki kumi na mbili, ni safari 9: shilingi 21,600. Tofauti ni 19,200, bila siku za kazi ulizopoteza na bila samaki mliokula Dunga. Haifuti pengo lote la bei, lakini kwa anayeishi mbali hulipunguza. Kwa anayeishi Milimani hapa hapa Kisumu na kuja kwa boda, hesabu hii haina maana.

Bima nyingi huweka kupanga meno nje ya malipo, au hulipa kiasi kidogo. Pata jibu la maandishi kabla ya kuanza. Kliniki nyingi hupokea amana kisha malipo ya kila mwezi kwa M-Pesa. Amana huwa kubwa kwa sababu kliniki hutumia pesa nyingi mwanzoni: eksirei, vipimo, braketi zenyewe, au malipo ya maabara ya alaina ambayo hulipwa yote kabla seti hazijatumwa. Uliza kama bei ina riteina ndani, kama braketi iliyotoka inarudishwa bure mara ngapi, na kama seti za marekebisho za alaina zimo. Marekebisho hutokea mara nyingi, usiyachukulie kuwa bahati mbaya.

Nani yuko Jumanne?

Katika miji yetu mtaalamu wa kupanga meno mara nyingi huja siku maalumu, pengine mara mbili kwa mwezi, kisha anarudi Nairobi au Eldoret. Si vibaya. Swali ni nani atakushughulikia siku ambayo hayupo. Kliniki yenye daktari wa meno wa kila siku anayeweza kukata waya uliochoma ni bora kuliko ofisi yenye viti vya ngozi na mlango uliofungwa hadi Jumamosi. Kliniki moja niliyofanyia kazi, mtaalamu aliondoka nchini ghafla. Wagonjwa wake wenye waya walibaki, nami ndiye niliyewapigia simu mmoja mmoja. Waliohama kwa urahisi ni waliokuwa na nakala za eksirei na mpango wao. Wenye alaina walisumbuka zaidi, maana daktari mpya hakuwa akitumia maabara ile. Omba nakala zako mapema, usingoje msiba.

Hakikisha pia jina la daktari na la kliniki kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, iliyo kwenye mtandao. Ni kazi ya dakika mbili. Alaina za kuagiza kwa simu bila kuonwa na daktari, bila eksirei, ziache. SmileDirectClub ya Marekani ilikuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Disemba 2023 ilifunga ghafla, wateja wakabaki katikati ya matibabu, na wenye kulipa kwa awamu wakaambiwa waendelee kulipa.

Ikiwa bado huwezi kuamua, mwambie daktari aseme kwa maneno yake mwenyewe ni kipi angekataa kukuwekea, na kwa nini. Jibu hilo hufundisha zaidi ya kile anachopendekeza.

Mwishoni, njia zote hukutana kwenye riteina. Waya au alaina, ukimaliza, meno hutaka kurudi kwao, na usiku utavaa kifaa cha kuyazuia miaka na miaka: pleti yenye kiwaya mbele, kifuniko angavu, au uzi wa chuma uliogandishwa nyuma ya meno ya chini. Huo uzi haupotei, ila hukusanya ukoga na unahitaji kusafishwa kliniki. Zile za kuvua hupotelea mahali pamoja tu, kwenye kitambaa cha karatasi mezani hotelini. Kijana mmoja aliikumbuka yake akiwa ameshafika stendi. Akarudi mbio hadi Kondele, akakuta meza imefutwa, akaomba ruhusa achakure ndoo ya mifupa ya samaki. Aliipata. Tuliiosha, tukailoweka kwenye dawa, daktari akaijaribu ikakaa sawasawa. Anaivaa hadi leo, na siku hizi hatembei bila kijaluba chake.